Mgongo na Mwenendo

Husemwa mara nyingi nchini Tanzania kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Maneno hayo husikika katika hotuba, husomwa katika vitabu vya shule na huandikwa juu ya mabango ya maonyesho ya Nane Nane. Ni maneno ya haki, na wayasemao hawakosei. Ila kuna uti mwingine wa mgongo ambao hautajwi katika hotuba, nao ni ule wa mfupa na nyama alio nao mkulima mwenyewe. Taifa lina uti wa mgongo wa mfano. Mkulima ana wa kweli. Ule wa mfano hauchoki wala hauumi. Huu wa kweli huinama tangu alfajiri, hubeba, huchoka, na siku moja hukataa kunyooka. Siku hiyo mwenye mgongo hukutana na swali lisilo na jibu jepesi: mtu ambaye thamani yake nyumbani na kijijini imepimwa kwa kazi ya mikono yake, akishindwa kazi, amebaki nani?

Mawengi ni kata ya wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, katika nchi ya Wapangwa, juu ya milima ya Livingstone ambayo kwa upande wa magharibi huteremka mpaka Ziwa Nyasa. Huko ukungu huwahi kuamka kuliko watu, na baridi ya Juni na Julai hupenya nguo mpaka mifupani. Watu hulima viazi, mahindi, maharage na ngano katika miteremko ambayo mgeni huiona ni ya mbuzi. Jembe si jambo geni katika nchi hiyo. Kabla ya majembe ya viwandani kufika, wahunzi wa Kipangwa waliyeyusha chuma na kufua majembe yao wenyewe, na udongo wa Ludewa una chuma hadi leo. Barabara ya kutoka Lusitu hadi Mawengi, yenye urefu wa kilomita 50, imejengwa kwa zege badala ya lami kwa sababu ya miinuko, mvua na ukungu. Kabla ya zege hilo, safari ya kwenda Njombe ilikuwa ni mtihani wa viuno. Abiria alifika akiwa amejua kila pingili ya mgongo wake mahali ilipo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kata hiyo alilijua swali lililotajwa juu kwa undani kuliko alivyotaka. Jina lake si la lazima, maana maradhi yake ni ya watu wengi. Umri wake ulikuwa miaka 52. Alikuwa na mke, watoto wanne, na shamba la viazi mteremkoni. Siku za kazi alifundisha na kusahihisha madaftari akiwa ameinama juu ya meza fupi. Jioni na Jumamosi alilima. Msimu mmoja wa mavuno lori la mnunuzi lilikuja kuchukua viazi kuvipeleka Makambako, mji ambao barabara kuu na reli ya TAZARA hukutana, ili kutoka huko viendelee na safari ya mijini. Mnunuzi alitaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuvishwa kilemba juu, ijapokuwa sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Vijana wa kupakia walikuwa wachache, na mwalimu, kwa kuona haya kusimama akitazama, alitia bega lake. Katika kuinua alisikia kitu kiunoni kama kijiti kinachovunjika. Akapiga magoti penye matope, na hakuweza kusimama mpaka aliposhikwa mikono na watoto wake.

Alilala. Kila aliyekuja kumjulia hali alimhimiza alale zaidi. Mmoja alisema kiuno hutaka ubao chini ya godoro. Mwingine alisema ni baridi, avishwe blanketi. Wa tatu aliapa kwa ulanzi, kwamba mtu akinywa vikombe vitatu hasikii kiuno wala deni. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa na kibanda cha biashara Makambako, alimpelekea mshipi mpana wa kufunga kiunoni na vidonge vya kutuliza maumivu. Mshipi ulimfariji kama ukuta unavyomfariji mlevi. Vidonge vilimpa usiku mmoja wa usingizi na siku tatu za kiungulia. Wiki zikapita, akawa haendi shule wala shamba. Aliyekuwa akisimama mbele ya watoto 60 sasa aliogopa kuinama kufunga kamba za viatu. Maumivu yalimtesa, lakini hofu ilimtesa zaidi, kwa sababu maumivu yalikuwa na saa zake, na hofu haikuwa na saa.

Haifai kumlaumu kwa kulala. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliwaagiza wagonjwa wa mgongo kulala kitandani kwa siku nyingi, na agizo hilo lilionekana kuwa ni akili ya kawaida: chombo kilichovunjika huwekwa kando. Mambo yalianza kugeuka agizo lilipopimwa. Mwaka 1995 matabibu wa Helsinki, nchini Finland, walichapisha habari za jaribio walilofanya kwa wafanyakazi wa mji wao walioshikwa na maumivu mapya ya kiuno. Kundi moja liliambiwa lilale siku mbili. La pili lilipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli zake za kila siku kwa kadiri ya uwezo. Waliopona upesi zaidi ni wale wa kundi la tatu, na waliochelewa zaidi ni wale waliolala. Mgongo si kikombe kilichopata ufa. Ni kiumbe hai, na kiumbe hai kisichotumika hudhoofika. Misuli hupungua, viungo hukakamaa, na moyo wa mtu hujifunza kuogopa kila kijongeo.

Baada ya wiki tisa mwalimu alipelekwa hospitali. Tabibu alimwuliza maswali ambayo yeye aliyaona hayahusiani na kiuno. Je, ana homa za jioni? Hutoka jasho usiku? Amepungua uzito? Miguu hufa ganzi, au imepungua nguvu? Anaweza kuuzuia mkojo na choo? Hunywa maziwa mabichi? Maswali hayo yalikuwa na sababu. Kifua kikuu huweza kuingia katika pingili za mgongo na kuzila, maradhi ambayo yaliandikwa habari zake na Percivall Pott, tabibu wa London, mwaka 1779, na ambayo hayajaondoka duniani. Njombe ina sababu ya kuyaangalia zaidi, kwa kuwa kifua kikuu huwaandama watu wenye virusi vya UKIMWI, na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe ina kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania, watu wazima 12.7 katika kila 100. Maziwa mabichi nayo huweza kuleta maradhi ya mifugo yanayoitwa bruselosisi, na maumivu ya mgongo ni moja katika dalili zake. Mtu mwenye ishara yoyote ya namna hii hapaswi kutafuta mazoezi kwanza. Humpasa kutafuta tabibu upesi.

Mwalimu hakuwa na ishara hizo. Tabibu alimwambia kwamba maumivu yake yalikuwa ya namna ile iliyo ya kawaida zaidi, ambayo hayana ugonjwa mmoja wa kuonyeshwa kidole, na ya kwamba kwa kuwa yalikuwa yanakaribia miezi mitatu yalikuwa karibu kuitwa ya kudumu. Badala ya kufurahi, mwalimu alikasirika. Alikuwa ameteseka vya kutosha kustahili jina kubwa la ugonjwa. Kukosa jina kulimfanya ajione kama mtu aliyeshtakiwa uwongo.

Akaelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, binti mwenye umri wa kumfaa kuwa mwanafunzi wake wa zamani. Watu wa fani hiyo ni wachache nchini, na aliyempata mmoja amepata bahati. Binti alimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa sina kitu."

"Hukuambiwa huna kitu, Mwalimu. Umeambiwa huna kitu cha kuogopa. Maumivu yako ni ya kweli."

Kisha akamweleza kwa utaratibu, kama mtu anayejua kuwa anamfundisha mwalimu. Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazojongea kila moja peke yake, juu ya mifupa ya nyonga na mkia iliyoshikamana. Baina ya pingili kuna visahani vya gegedu, laini ndani na vigumu nje, vinavyopokea uzito. Misuli na kano huzunguka nguzo hiyo kama kamba zinavyoshika mlingoti wa jahazi. Kadiri umri unavyokwenda visahani huchakaa kama nywele zinavyopata mvi, na picha za migongo ya watu wasioumwa kabisa mara nyingi huonyesha uchakavu huohuo. Kwa hiyo uchakavu si hukumu. Tena maumivu si kipimo sawasawa cha jeraha. Mfano wake ni mbwa wa nyumbani. Mwizi akiingia usiku mmoja, mbwa hubweka kwa haki. Lakini baada ya usiku huo hubweka hata jani likianguka. Kiuno cha mwalimu kiliumia kweli siku ya lumbesa. Jeraha lilikuwa limekwisha pona kwa sehemu kubwa. Mbwa ndiye aliyebaki akibweka. Mbwa wa namna hiyo hatulizwi kwa kumfungia ndani. Hutulizwa kwa kuzoeshwa tena, kidogo kidogo, kwamba jani ni jani.

Dawa aliyoandikiwa haikuwa na chupa. Atembee kila siku, wiki ya kwanza dakika 10 mahali pa tambarare, na kila wiki aongeze dakika 5. Akisahihisha madaftari, asimame kila baada ya nusu saa. Asubuhi na jioni alale chali, akunje magoti na kuinua nyonga pole pole. Kisha apige magoti na mikono chini, anyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu abadilishe. Akitaka kuinama, akunje nyonga na magoti, asikunje kiuno peke yake. Mzigo aukumbatie karibu na mwili, na ulio mzito augawe. Alale kwa saa za kutosha. Aache sigara, kwa kuwa wavutao huonekana kuumwa na mgongo zaidi ya wasiovuta. Mshipi auweke kabatini.

Maagizo hayo hayakubuniwa na binti yule. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kudumu ya kiuno uliotolewa Desemba 2023, lilitaja elimu, mazoezi na msaada wa kutuliza hofu kuwa miongoni mwa mambo ya kumpa mgonjwa, na likashauri kwamba mishipi ya kiunoni na dawa kali za jamii ya afyuni zisiwe kawaida ya tiba. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Juu ya kutembea, wataalamu wa Sydney, nchini Australia, walitoa mwaka 2024 matokeo ya jaribio la watu 701 waliokuwa wametoka kupona. Waliofundishwa na kuongozwa kutembea walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wasioongozwa walikaa siku 112. Hapakuwa na mashine wala sindano. Palikuwa na njia, miguu na subira.

Mwalimu alianza kwa mashaka. Alichukua daftari kuukuu la shule akachora safu mbili, moja ya dakika alizotembea, ya pili ya maumivu kwa alama za sifuri hadi kumi. Alfajiri alishika barabara ya zege, ukungu ukiwa bado umelala juu yake, akatembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Wiki ya kwanza safu ya pili haikubadilika hata kidogo. Wiki ya tatu alitambua kuwa alikuwa amefunga kamba za viatu bila kufikiri. Wiki ya tano alijisahau, akachimba mfereji wa maji ya mvua kwa saa mbili, na usiku maumivu yakarudi na nguvu zake zote. Kitanda kikamwita. Lakini alikuwa ameonywa mapema kwamba siku kama hiyo itakuja, na ya kuwa kurudi kwa maumivu si kurudi kwa jeraha. Asubuhi alitembea dakika 5 badala ya 30, akaandika 5 katika safu ya kwanza na 8 katika ya pili. Maji yanayochemka hayajazwi mpaka ukingoni, naye alijifunza kuacha nafasi.

Mpaka hapo habari hii ni ya mtu mmoja na mgongo wake, na yamkini ingekwisha hapo. Lakini asubuhi moja, akirudi kutembea, mwalimu alimwona mke wake akitoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani. Alikuwa hamwoni mumewe. Penye kingo ya njia alisimama, akaishusha ndoo pole pole, akaweka mikono miwili juu ya kiuno, akafumba macho. Mwalimu aliitambua namna ile ya kusimama. Ilikuwa ni yake mwenyewe.

"Mama, unaumwa?"

"Kiuno tu, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu kitinda mimba."

Kitinda mimba wao alikuwa na miaka 11.

"Mbona hukusema?"

"Ulipokuwa umelala ningemwambia nani? Na mimi nikilala, nani atachota?"

Hakusema hayo kwa hasira. Aliinama kuchukua ndoo yake, na mwalimu, kwa mara ya kwanza, hakujua mahali pa kuweka mikono yake.

Usiku ule hakuandika dakika katika daftari. Aliandika hesabu. Alikuwa amelala wiki tisa, yaani siku 63. Mke wake alichota ndoo nne kwa siku, kila ndoo kilo 20. Jibu lilikuwa kilo 5,040: zaidi ya tani tano za maji, bila kutaja kuni, bila kutaja jembe, bila kutaja chakula kilicholetwa kitandani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwalimu alikuwa amelisomesha darasani neno hilo kwa miaka ishirini na zaidi, na hakuwa amelielewa mpaka alipolipima kwa kilo. Kiswahili husema pia kwamba mtu fulani anaishi kwa mgongo wa mwingine. Watu huyatumia maneno hayo kwa wanyonyaji wakubwa, mabwana na matajiri. Huenda mtu mwema akaishi hivyo katika nyumba yake mwenyewe, tena akiwa mgonjwa, tena akiwa anapendwa.

Nguvu za wanawake zimesaidia kuificha habari hii. Mwaka 1986 wataalamu, mmoja wao G. M. O. Maloiy wa Nairobi, waliandika katika jarida la Nature kuhusu wanawake wa Kenya wabebao mizigo kwa kichwa. Waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ni jambo la kustaajabisha, na limesifiwa sana. Walakini kipimo kile kilikuwa cha nguvu za mwili zinazotumika. Hakikusema kwamba kiuno hakidhuriki. Tena sehemu moja ya tano ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ni sehemu moja ya tatu. Sifa ikizidi kipimo hugeuka kuwa ruhusa ya kumwongezea mtu mzigo.

Vifaa navyo vina neno la kusema. Katika mashamba ya mboga ya California, nchini Marekani, vibarua, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilimishwa kwa jembe lenye mpini mfupi mno, hata ikawalazimu kuinama siku nzima. Moja ya faida zake kwa msimamizi ilikuwa kwamba aliyenyooka kupumzika alionekana mara moja kutoka mbali. Matabibu walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, na mwaka 1975 jembe lile lilipigwa marufuku katika jimbo hilo. Mpini mrefu ulishika mahali pake, na mazao yaliendelea kuota. Kuhusu mizigo, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo ambao mwanamume mzima huruhusiwa kubeba kwa mikono usizidi kilo 55. Lumbesa ni kama mara mbili yake. Kwa hiyo mwenendo mwema si jambo la mgonjwa peke yake. Mtu huweza kubadili namna yake ya kuinama, lakini urefu wa mpini, uzito wa gunia na idadi ya ndoo huamuliwa na wengi: na desturi, na soko, na watu wa nyumba.

Mke alipelekwa kwa mtaalamu yuleyule. Alipoambiwa habari za kutembea dakika 30, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, kutembea natembea tangu kuzaliwa. Nifundishe kukaa."

Binti alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba mama alikuwa amesema kweli. Mazoezi ya kuimarisha misuli alimpa, lakini dawa yake ya kwanza iliandikwa kwa jina la mume na watoto: ndoo zipunguzwe, ziwe za lita 10, zichotwe na wengi; na kila siku, baada ya chakula cha mchana, mama aketi nusu saa bila mboga za kuchambua wala mtoto wa kumtuma. Kanuni ilikuwa moja kwa wote wawili, nayo ni kiasi. Aliyelala dawa yake ni kuinuka. Asiyepata kuketi dawa yake ni kuketi. Wakosao kuona hayo humpa kila mgonjwa shauri moja, na shauri jema kwa mtu asiyelihitaji ni mzigo mwingine.

Haikuwa kazi nyepesi. Vijana wawili wa nyumba walinung'unika kuchota maji, kazi waliyoiona ni ya dada zao. Mwalimu mwenyewe alipoonekana njiani na ndoo ndogo mikononi, mzee mmoja alimwuliza kwa sauti ya kusikika kama mke amesafiri. Alijibu kwamba mke yupo, amekaa. Jibu hilo lilizunguka kijiji kwa wiki nzima. Mipini mipya, mirefu kwa shubiri mbili, ilichongwa na kuwekwa katika majembe, na mwanzoni wote waliona jembe limekuwa zito la kuchezea. Mavuno yaliyofuata mwalimu alifunga viazi katika magunia ya kilo 50. Mnunuzi wa kwanza aliyatazama, akapanda lori lake, akaondoka. Wa pili alinunua, lakini kwa bei iliyopungua. Nyumba ilipata fedha kidogo kuliko msimu uliopita, na bati moja la jiko lililokuwa likivuja lilingoja mwaka mwingine.

Wala maumivu hayakwisha. Msimu wa kulima bado humkumbusha mwalimu siku ya lumbesa, na mke wake huamka asubuhi za Julai akiwa amekakamaa. Safu ya pili ya daftari haijapata kuandikwa sifuri wiki nzima. Lakini safu ya kwanza imejaa, na swali la zamani limepata jibu la kutosha kuendelea nalo. Mtu aliyeshindwa kazi amebaki mtu; na mgongo wa nyumba si wa mmoja, hata kama kwa miaka mingi mmoja ameubeba. Daftari sasa lina safu ya tatu, iliyopigwa mstari kwa rula. Hapo mwalimu huandika dakika alizoketi mke wake. Kwa wiki kadhaa za kwanza nambari ilikuwa 5, 7, mara nyingine 0, kwa maana mazoea ya miaka mingi hayaachwi kwa siku moja, na kila alipoketi alikumbuka jambo. Siku alipofikisha 30 alikuwa amesinzia kwenye kigoda penye jua la nyuma ya nyumba, na ndoo mbili za lita 10 zilikuwa zimejaa mlangoni, zikiwa zimefunikwa.